Nani Akae Kitini pa Hakimu?



Napenda kutoa maoni yangu machache juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi hatulizungumzi sana, nalo ni mahakama. Tukiulizana tutakuwa nani baada ya masomo, huyu hujibu daktari, yule mwalimu, mwingine mfanya biashara wa mawese. Hakimu au wakili hutajwa kwa nadra, maana wengi wetu hudhani kwamba kazi hizo zina wenyewe. Mimi nasema hazina wenyewe, na zikiwa na wenyewe nchi huumia.

Tazameni mwambao wetu, toka Magara na Minago hata Rumonge na Nyanza-Lac. Hapa wapo Wahutu, Watutsi na Watwa. Wapo Wakristo na Waislamu. Wapo wavuvi na wachuuzi ambao asili yao ni Kongo, ng'ambo ya ziwa, na wapo waliozaliwa Tanzania wazazi wao wakiwa wakimbizi. Watu hawa wote wakigombana, huenda kwa hakimu mmoja.

Na ugomvi mkubwa wa hapa ni wa ardhi. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza upande huu wa kusini na watu wakauawa. Kisha serikali ya wakati ule ikalipiza kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu katika nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania. Mashamba yao, pamoja na michikichi, yakaingia mikononi mwa wengine. Waliporudi baada ya miaka 30 na zaidi, walikuta watu wamejenga, wamezaa na kuzika hapo. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, na mwaka 2014 ikaundwa Mahakama Maalum ya mambo hayo hayo. Katika kesi kama hizo lazima mmoja ashindwe. Je, aliyeshindwa atakubalije kurudi nyumbani kwa amani? Atakubali ikiwa anaamini kwamba aliyemhukumu hakuwa mtu wa upande wa pili. Wahenga walisema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Kama ngoma huwambwa na watu wa namna moja siku zote, hata wakiiwamba sawasawa, jirani hawataamini.

Jambo hili liliwasumbua wakubwa pia. Mkataba wa Arusha, uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, ulitaka upungufu wa usawa wa makabila, na wa wanaume na wanawake, urekebishwe katika mahakama. Katiba ya 2005 ikasema mahakama zifanane na wananchi wote. Katiba ya 2018 ikatia hesabu: Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi wasizidi asilimia 40, na wanawake wasipungue asilimia 30. Tena ikaipa Seneti miaka 5 ya kufikiri kama hesabu za makabila ziendelee au ziishe.

Wapo wasemao: "Hakimu ni elimu. Mbona twauliza kabila lake?" Neno hili lina ukweli ndani yake, maana hakimu asiyejua sheria ni hasara, awe wa kabila lolote. Lakini elimu yenyewe haikugawanywa sawa. Kwa miaka mingi mlango wa shule ulikuwa mpana kwa wengine na mwembamba kwa wengine. Kumwambia aliyefungiwa mlango kwamba hakufika kwa kuwa hana elimu ni kumwongezea dhuluma. Mimi naona hesabu hizi ni kama mkongojo wa mgonjwa. Hatutaki autumie maisha yake yote, lakini tusimnyang'anye kabla hajaweza kusimama.

Hata hivyo, hesabu hizi hazitoshi, nami nitasema kwa nini.

Kwanza, 60 na 40 ni 100 kamili. Mtwa yuko wapi? Katika Baraza la Taifa Watwa wametengewa viti 3, na katika Seneti 3. Kwa mahakimu, Mtwa ataingia tu ikiwa wenzake hawakujaza sehemu zao. Hata Bashingantahe wa zamani, waliochaguliwa kwa tabia njema, Wahutu kwa Watutsi, wakapewa fimbo ya hukumu iitwayo intahe, hawakumtawaza Mtwa; tena lilikuwa baraza la wanaume. Tuwasifu wazee wetu kwa mema yao, lakini tusirithi na upungufu wao.

Pili, wanawake. Urithi wa ardhi katika nchi yetu bado huamuliwa kwa desturi, na desturi humpendelea mtoto wa kiume. Binti anayedai sehemu ya shamba la baba yake yafaa aone kwamba na wanawake huketi kitini pa hukumu. Nchi yetu haikosi mfano: Domitille Barancira aliwahi kuwa rais wa Mahakama ya Katiba.

Tatu, lugha. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili twafundishwa shuleni, basi. Hapa pwani wapo wazee wasiojua Kifaransa hata neno, na Kirundi chao ni cha sokoni. Karatasi ya hukumu ikiandikwa Kifaransa, mzee hubeba mfukoni jambo linalomhusu asilolijua. Wenzetu wa Tanzania walitunga sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sisemi tuwaige katika yote. Nasema tu kwamba katika mahakama za mwambao huu asikosekane karani au hakimu awezaye kumweleza mtu hukumu yake kwa Kiswahili.

Basi, ndugu zangu, haya yote hayataletwa na serikali peke yake. Rais hawezi kumteua hakimu ambaye hakusoma. Katika madarasa yetu wapo wasichana wanaoachishwa shule wakaolewe, na wapo watoto wa Kitwa wanaochekwa mpaka wakaondoka wenyewe. Kila mmoja wao akiondoka, kiti kimoja cha hakimu kimebaki bila mtu kwa miaka 20 ijayo. Tusiwacheke, tuwasaidie masomo, na yule aliye hodari wa kusema kweli hata mbele ya rafiki zake tumwambie aende akasome sheria.

Siku moja mvuvi, mjane, mfinyanzi na aliyerudi kutoka ukimbizini wataingia mahakamani Rumonge, na wakishindwa watasema: "Nimeshindwa, lakini nimesikilizwa." Siku hiyo tutaweza kuutupa mkongojo.