Shingo ya mtoto imekuwa nyeusi? Usiisugue

"Nesi, nimemsugua na dodoki mpaka analia, lakini huu uchafu hautoki." Mama huyu alikuwa na binti mnene wa miaka 12, shingo nyeusi kwa nyuma. Haukuwa uchafu. Kwa mtoto mwenye uzito mkubwa, ngozi inapokuwa nyeusi na nene shingoni au kwapani, mara nyingi ni dalili kuwa mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini.

Insulini hutengenezwa na kongosho, nayo huingiza sukari ya kwenye damu ndani ya misuli na ini. Mafuta yakizidi, hasa tumboni, viungo hivyo huacha kuiitikia vizuri, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Kipimo cha sukari kinaweza kuonekana sawa kwa miaka huku kongosho ikielemewa. Balehe nayo hupunguza mwitikio huo kwa muda, hata kwa mtoto mwembamba. Kijana mnene anabeba mizigo miwili.

Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamewazidi wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa 9.2. Afrika Kusini mwa Sahara bado hatujafika huko. Mimi hilo halinitulizi, maana macho yetu yamezoea kumtafuta mtoto aliyekonda, na mnene tunamsifu kuwa "ana afya".

Je, umnyime wanga? Hapana, anakua. Ugali wa dona kwa maharage na mchicha una nyuzinyuzi, na sukari yake huingia kwenye damu taratibu. Soda huingia haraka na haishibishi. Chupa ya mililita 500 huwa na sukari gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hii, pamoja na ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Huyo ni mtu mzima, si mtoto wako! Anzia hapo: maji badala ya soda na juisi za boksi, kisha apate muda wa kucheza nje.

Ukiona shingo hiyo, mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, urefu na sukari kabla hajala asubuhi. Akiwa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana usiku au amekonda ghafla, mpeleke siku hiyo hiyo.