Lau Kilwa Ingalimpata Mrithi

Kila itajwapo Kilwa katika mabaraza yetu ya pwani, hakosi mtu wa kusema: "Lau si Amiri Ibrahim kunyakua kiti, Mreno asingalipata njia." Maneno hayo yafaa yapimwe.

Ni kweli Ibrahim hakuwa wa nasaba ya masultani. Mreno João de Barros ameandika kwamba Sultani Fudail aliuawa, na Amiri akashika enzi. Julai 1505 Francisco de Almeida akateremsha askari wake Kilwa. Ibrahim akakimbia, na Mreno akamvisha taji tajiri mmoja wa mji, Muhammad Ankoni, ambaye naye hakuwa wa ukoo wa kifalme.

Ankoni alikuwa na wanawe, lakini asimuliwa kuwa aliomba mrithi wake awe mwana wa Fudail. Kwangu mimi, "lau" yenye uzito ni hii. Mwaka 1506 Ankoni akauawa. Kiti kikagombewa na mwanawe na mtu wa nasaba ya zamani, na mwamuzi akawa Mreno aliyekaa ngomeni.

Je, lau wosia ule ungalitimizwa, Kilwa ingaliokoka? Tusijidanganye, ndugu msomaji. Mrithi halali asingalizuia mizinga. Mwaka ule ule wa 1505 Mreno alijenga ngome Sofala, na dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoilisha Kilwa. Hata Mombasa, ambako Almeida hakumvisha mtu taji, iliteketezwa Agosti 1505.

Hata hivyo, tazameni tofauti. Mombasa iliungua ikasimama tena, hata Mreno akalazimika kurudi kuichoma mwaka 1528, na Ngome ya Yesu haikuanza kujengwa mpaka 1593. Kilwa, Mreno aliihama mwenyewe mwaka 1512, lakini mji aliouacha nyuma haukuurudia tena ukubwa wake wa zamani.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa kupewa ufunguo wa kiti cha enzi haponyi mtu. Kwa hiyo wanaomtupia Ibrahim lawama zote wanasema nusu. Afadhali waseme: lau wenyeji wa Kilwa wangaliketi wakalimaliza shauri la Fudail wenyewe kwa wenyewe, kabla ya merikebu kutia nanga. Mizinga ingalikuja vivyo hivyo, ila ingalimkuta mwenye mji.