Saa tatu usiku si 3:00

ANGA LETU, na Salehe Mbwambo

Jumamosi iliyopita, ufukweni Kigamboni, nilimkuta kijana amepiga magoti mchangani nyuma ya darubini yake, jasho linamtiririka. "Shikamoo mzee. Hii programu imeharibika."

Haikuharibika. Lakini shida yake ni ya wengi wetu, na ninaamini chanzo chake ni jinsi tunavyofundishwa.

Ili darubini ipige picha za nyota, mhimili wa kitako chake lazima ulale sambamba na mhimili wa Dunia. Anga huzunguka takriban digrii 15 kila saa. Mhimili ukienda upande, nyota zinatoka kama vistari. Wenzetu wa Ulaya wana nyota ya Polaris, iko juu, inaonekana vizuri, haifiki digrii moja kutoka kwenye ncha ya anga, pale mhimili wa Dunia unapoelekea. Dar es Salaam tuko latitudo 6.8 kusini. Ncha yetu ya anga iko digrii 7 hivi tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na taa za mji, na Sigma Octantis iliyo jirani nayo ni hafifu mno. Hata ukiipata, hewa huupinda mwanga wa nyota iliyo chini hivyo kwa karibu dakika 7 za digrii. Kumwambia mwanafunzi wa huku aanze kwa kuisaka nyota ya ncha ni kumpotezea usiku wake.

Njia inayotufaa ni kuipima ncha bila kuiona. Programu ya bure ya N.I.N.A. ina nyongeza inayofanya hivyo. Unapiga picha tatu popote palipo wazi, na kati ya picha na picha unazungusha kitako kwa mhimili mmoja tu. Programu inazitambua nyota za kila picha, inajua kamera ilitazama wapi, kisha inapitisha duara kwenye pointi hizo tatu. Kitovu cha duara ndiko mhimili unakoelekea. Kinachobaki ni skrubu mbili: ya juu na chini, na ya kushoto na kulia.

Hizo skrubu ndizo zilizomtesa kijana. Akikaza ya juu na chini, kwenye skrini inabadilika namba ya kosa la pembeni. Nikatazama kona ya skrini: 3:15. Ilikuwa kweli saa tatu na robo, lakini usiku! Laptopu ni kuukuu, betri ya saa imekufa, intaneti hakuna, naye akaiwekea saa kama tunavyoitamka. Kompyuta ilitaka 21:15. Saa 18 za tofauti ni robo tatu za mzunguko wa anga, ndiyo maana kosa la juu na chini lilisomeka kama la pembeni. Tulirekebisha saa, tukapiga picha tatu upya, na ndani ya robo saa kosa likashuka chini ya dakika 2 za digrii.

Msomaji mwenye darubini, namba zikikugomea, tazama saa kwanza. Kisha tazama kama latitudo yako ina alama ya kutoa mbele yake, maana bila hiyo programu inakuhesabu mtu wa kaskazini. Namba zikiruka kila ukibana skrubu, kitako kinacheza au miguu inazama mchangani.

Na nyinyi mnaofundisha vijana elimu ya anga kwa Kiswahili, nawaomba: jambo la saa liwekeni kwenye ukurasa wa kwanza.