Kabichi na Ua: Haki Si Kugawa Maji Sawasawa

Katika mkoa wa Ruvuma mvua huaga kwa kawaida kati ya Aprili na Mei, wala hairudi hadi Novemba au Desemba. Ifikapo Agosti vijito vya milima ya Mbinga vimepungua, na kila ndoo ya maji ina jasho la mtu ndani yake. Ndio wakati ambapo, katika shule nyingi nchini, watoto huonekana asubuhi wakipanga mstari na ndoo vichwani. Maji hayo huenda wapi? Mara nyingi huishia kwenye maua yaliyo mbele ya ofisi, mahali ambapo mgeni hufikia kwanza. Bustani ya mboga, ambayo huwekwa nyuma ya madarasa, hupewa kilichobaki. Na kisipobaki kitu, huachiwa jua.

Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba haiulizwi tena. Yafaa iulizwe. Maua si anasa ya kulaumiwa, kwa kuwa mazingira mazuri humfundisha mtoto kupenda mahali anaposoma. Kosa liko kwingine, katika kudhani kwamba kila kilicho kijani kina kiu moja. Dhana hiyo si ya kweli, na gharama yake inalipwa na watoto.

Na ichukuliwe mimea miwili inayojulikana na kila mtumishi: kabichi ya bustanini na bogonvilia ya mbele ya ofisi.

Kabichi asili yake ni Ulaya, kwenye hali ya ubaridi. Ndiyo sababu hustawi katika miinuko ya Mbinga, ambayo sehemu kubwa yake iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mizizi yake mingi haiendi mbali chini, kwa hiyo hunywa kutoka tabaka la juu la udongo, ambalo ndilo hukauka kwanza. Huhitaji maji ya kiasi cha milimita 25 kwa wiki, na zaidi ya hapo jua likiwa kali. Maji hayo yaje kwa utaratibu: ikiachwa na kiu kwa muda mrefu, kisha ikamwagiwa kwa wingi ghafla, kichwa hupasuka. Tena ni mlaji mkubwa wa samadi, maana majani ndiyo yanayotakiwa kwake, na majani hujengwa kwa naitrojeni. Baada ya kupandikizwa hupewa karibu miezi mitatu tu. Wiki mbili za njaa katika umri mfupi namna hiyo hazifidiki.

Bogonvilia ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, na jina lake limetokana na Louis-Antoine de Bougainville, baharia wa Ufaransa aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Yale mekundu, ya zambarau au ya rangi ya chungwa ambayo wapita njia huyaita maua, kwa hakika ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijidude kidogo cheupe kilichomo katikati. Mmea huu huishi miaka mingi. Hutaka jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, na kupunguzwa matawi baada ya kuchanua. Ukishashika mizizi, huvumilia ukame. Zaidi ya kuuvumilia, huutumia: udongo ukikauka kiasi, ndipo rangi hutoka kwa wingi. Ukimwagiwa maji kila siku na kurundikiwa samadi, hutoa machipukizi marefu na majani mengi, na rangi hupungua.

Kwa hiyo mtoto anayeipelekea bogonvilia maji kila asubuhi haisaidii hata bogonvilia yenyewe.

Na ifanywe hesabu ndogo, ambayo mwalimu yeyote wa darasa la tano anaweza kuiandika ubaoni. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme shule inamwagilia maua yake ndoo tano za lita 20 kila siku ya masomo. Kwa siku tano ni ndoo 25, yaani lita 500. Kwa kipimo cha milimita 25 kwa wiki, lita hizo zinatosha mita 20 za mraba za kabichi. Ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita kila upande, eneo hilo huchukua miche 80. Hivyo ndivyo vichwa vya kabichi ambavyo shule hiyo huvimwaga mbele ya ofisi katika msimu mmoja bila kujua.

Katika mkoa kama Ruvuma jambo hili si dogo. Huu ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na taifa kwa mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kiwango cha udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humo kilikuwa juu ya wastani wa nchi, ambao ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, lakini sahani haina mboga ya kutosha. Shule ndiyo mahali ambapo wazazi wa kesho hujifunza kwamba ugali peke yake haujengi mwili, nao hujifunza zaidi kwa kile wanachokiona kikipewa heshima kuliko kwa kile wanachoambiwa.

Wapo watakaosema kwamba haki ni kugawa maji sawasawa, nusu kwa mboga na nusu kwa maua. Usawa wa namna hiyo ni wa ndoo, si wa akili. Mgonjwa na mzima hawapewi dawa sawasawa. Haki ni kila kimoja kupata kadiri ya haja yake, na kwa wakati wake. Hapa pana habari njema: wakati wa haja ya mimea hii miwili haugongani. Vipandikizi vya bogonvilia vikipandwa mvua zinapoanza, mbingu ndiyo itakayovimwagilia vikiwa vichanga. Vikihitaji msaada kidogo katika kiangazi cha kwanza, maji yaliyokwisha kunawiwa mikono yanatosha. Kabichi ya kiangazi ndiyo inayostahili maji safi ya ndoo, samadi iliyooza vizuri, na matandazo ya majani makavu ili unyevu usiondoke.

Wenyeji wa Mbinga hawana haja ya kufundishwa kwamba maji yana hesabu. Wamatengo, kwa vizazi vingi, wamelima miteremko mikali kwa ngoro. Hufyeka majani, huyapanga kwa miraba, kisha huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Hubaki shimo linalozuia maji ya mvua yasiukimbize udongo bondeni, na majani yaliyofukiwa huwa mbolea. Ingekuwa ajabu mtoto wa mkulima wa ngoro, awe wa Kitura au wa Litembo, afike shuleni afundishwe kumwaga maji pasipo hesabu.

Wala kabichi si amri kwa kila mahali. Kule Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ufuko wa ziwa uko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake huinyima kabichi kufunga vichwa vizuri. Huko mchicha ndio wenye haki ya ndoo, kwa kuwa hupenda joto na huvunwa wiki nne hadi sita baada ya kupandwa. Wala si kila ua ni mvumilivu. Waridi hudai maji na samadi karibu kama mboga yenyewe. Mashamba ya waridi ya Naivasha na Arusha huyanywesha maji mengi, lakini hayo huuzwa ng'ambo. Waridi la ofisini halimlipi aliyelichotea maji. Anayelitaka alipande moja au mawili, na alimwagilie kwa mkono wake.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi zake. Mtoto anayebeba ndoo bila kujua ni kwa nini inakwenda pale inakokwenda hajielimishi; anatumwa tu. Basi mwalimu wa zamu na awape watoto kipimo, wahesabu wenyewe ndoo za wiki, waandike tuta lipi limepata kiasi gani, na mwisho wa muhula walinganishe na kilichovunwa.

Wakuu wa ofisi na wakaguzi nao wana wajibu wao. Mkaguzi anayesifu maua ya mbele bila kuzunguka nyuma ya madarasa ndiye anayeielekeza ndoo ya kesho asubuhi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Shule yenye ua lililochanua mbele na tuta lililokauka nyuma ni mkakasi. Na aanzie nyuma. Huko ndiko atakakojua kama watoto wa shule hiyo watakula mboga mchana.