Bumu likibaki, tulia!

Leo sina habari za mapenzi. Leo nazungumza na nyie mlioko vyuoni, mliofunga muhula na bumu halijaisha. Najua mnajiona matajiri. Hata mimi nilijiona.

Mwaka wangu wa pili nilifunga chuo nikiwa na shilingi 240,000. Sikuziokota, nilijibana kwa wali maharage muhula mzima. Nikapanda basi kwenda kwetu Mgori, mkoani Singida. Lakini pale Singida mjini nikakutana na washikaji. Unajua tena, "msomi kaingia!" Kuku wa Singida wana sifa zao bwana, na kuku hashuki kooni bila kinywaji. Kulipokucha nina 170,000 na kichwa kinagonga.

Nyumbani, baada ya shikamoo, nikamwonyesha bibi zile hela nikitegemea kusifiwa.

"Umezifanyia kazi gani, mjukuu wangu?"

"Ni za mkopo, bibi. Zimebaki."

"Basi hazijabaki. Mwenyewe tu hajaja kuzichukua."

Nilicheka, ila usiku usingizi ulinikataa. Bibi hajaingia darasani hata siku moja, lakini mambo ya mkopo kayaelewa kuliko mimi. Ukishaajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Uwe ulinunua vitabu, uwe ulinunua bia, makato hayaulizi.

Asubuhi nikazigawa. Shilingi 80,000 nikaziweka kando, za kufungulia chuo. Zilizobaki nikanunua alizeti, maana watu walikuwa wametoka kuvuna na bei ilikuwa chini, pamoja na kuku sita wa kienyeji. Sitaki kuwadanganya kwamba nilitajirika. Kuku wanne walikufa kwa kideri kwa sababu nilidharau chanjo, na chanjo yenyewe ni tone tu la jichoni! Kilichoniokoa ni alizeti. Bibi aliikalia mpaka ikaanza kuadimika, akaiuza, akanitumia hela kwa simu.

Ilinikuta pabaya. Tulikuwa tumefungua chuo na bumu likachelewa wiki tatu. Wenzangu walipiga pasi ndefu, wengine walikopa kwa mama ntilie mpaka wakawa wanapita njia ya nyuma. Mimi nilikula, na mwenzangu wa chumbani nikamlisha.

Kwa hiyo mshikaji wangu, likibaki fanya hivi. Kwanza toa ya kufungulia chuo, usiiguse hata harusi ya binamu ikija. Pili, lipa madeni madogo madogo, hata la vocha. Tatu, kama unataka kuzungusha, zungusha kitu ambacho watu wa kwenu wanakijua, na uwaulize kabla hujanunua. Kujirusha sijakataza, ila tenga kiasi kabisa, kikiisha urudi nyumbani kulala.

Siku hizi nami ni mfanyakazi. Kila mwisho wa mwezi nikishika karatasi ya mshahara, jicho linakwenda kwenye ule mstari wa makato. Nawakumbuka wale kuku wa Singida mjini. Washikaji walishasahau kama tuliwala, mimi bado nawalipia.

Tukutane wiki ijayo.