Sigara ya Rafiki

Kila mwaka tarehe 3 Februari, katika sikukuu ya Mtakatifu Blasi, twapiga magoti mbele ya altare, naye padri hutuwekea kooni mishumaa miwili iliyofungwa mfano wa msalaba, akituombea kwa Mungu atukinge na maradhi ya koo. Masimulizi ya kale yasema kwamba Blasi, askofu wa Sebaste katika nchi ya Armenia, alimwokoa mtoto aliyekabwa na mfupa wa samaki. Mwenyewe aliuawa kwa ajili ya dini yapata mwaka 316. Baraka hiyo twaipenda sana. Lakini siku hiyo hiyo wako wanaume ambao, kabla hawajafika barabarani, wamekwisha kuwasha sigara. Nasi tulikuwa miongoni mwao.

Leo twataka kuwaeleza habari ya mwalimu mwenzetu aliyekatwa mafindo.

Mafindo ni vinyama viwili vilivyo nyuma ya ulimi, huku na huku. Yakivimba mara kwa mara, na homa ikirudi kila mara, mganga huweza kuamua kuyatoa. Kazi yenyewe si ndefu. Taabu huanza mgonjwa anapoamka. Pale yalipotolewa, kwa kawaida hapashonwi kama jeraha la mguu, bali huachwa wazi, na baada ya muda mfupi hufunikwa na utando mweupe. Wazazi wakiuona kinywani mwa mtoto hudhani kwamba ni usaha. Si usaha, ni kifuniko cha jeraha. Kati ya siku ya tano na ya kumi kifuniko hicho hubanduka, na ndipo damu iwezapo kutoka tena. Basi hatari huja mara mbili: siku ile ya kwanza, ambapo mgonjwa yu mikononi mwa waganga, na siku hizi za katikati, ambapo yuko kwake nyumbani na majirani wamekwisha kumpongeza kwa kupona.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Baada ya Misa tulipiga hodi kwa rafiki yetu. Tulimkuta ameketi barazani, sauti yake ndogo, lakini uso umekunjuka. Alitutazama mfukoni kabla ya kututazama usoni. Kwetu mgeni haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, wala mvutaji hafungui pakiti yake bila kumpa mwenzake. Mkewe alitokea mlangoni akasema, "Shemeji, mganga amemkataza." Tukamjibu, "Moja tu, shemeji." Zikawa mbili.

Usiku ule aliamka kinywa kimejaa damu. Vijana wa mtaani walimbeba kwa kipoyi hadi hospitali ya misioni, mkewe akitangulia na taa, na mganga akalazimika kumrudisha mezani na kumlaza usingizi mara ya pili ili aizibe mishipa. Sisi tulipata habari asubuhi, mbele ya darasa, kutoka kwa mtoto wake wa kiume.

Je, zilikuwa sigara zile? Mganga hakusema hivyo. Alisema kwamba damu huweza kumtoka hata mtu ambaye hajavuta tangu azaliwe. Neno hilo lilitupunguzia hofu, halikutupunguzia aibu, kwa kuwa alituketisha akatueleza moshi unavyofanya kazi katika jeraha. Kwanza, ni wa moto na mkavu, nalo koo lililokatwa lataka unyevu. Pili, humwamsha mtu kikohozi, na kila kikohozi hulitikisa jeraha. Tatu, nikotini iliyo ndani ya tumbaku huibana mishipa midogo, hata damu ya kulisha nyama mpya hupita kwa shida. Tena mna hewa ile yenye sumu ambayo sisi sote twaiogopa katika mbabula ya makaa iliyoachwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa hiyo hukaa katika damu mahali pa oksijeni, na jeraha lisilopata oksijeni huchelewa kupona. Tumbaku ya kunusa na ya kutafuna haina moshi, ni kweli, lakini nikotini imo vile vile, mzee asijidanganye.

Rafiki yetu alikuwa ameelezwa haya yote kabla ya kutoka hospitali. Alijua. Ndiyo sababu hatupendi kusikia watu wakisema kwamba mvutaji ni mjinga tu. Sigmund Freud, yule mganga wa Vienna ambaye mengi ya mafundisho yake hatuyakubali, alionekana na kansa ya kinywa mwaka 1923. Alikatwa zaidi ya mara 30 katika miaka iliyofuata, hata akafungiwa kaakaa la bandia, na bado aliendelea kuvuta sigara zake kubwa. Alifariki London mwaka 1939. Mtu huyo alikuwa na elimu kutushinda sote, na elimu haikuutoa mkono wake kwenye kiberiti. Kwa mgonjwa wa kansa ya koo jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa mwenye mafindo: akiendelea kuvuta, dawa ya mionzi hupungukiwa nguvu, na kansa nyingine yaweza kuzaliwa.

Kwa hiyo maneno yetu ya leo hatuyaelekezi kwa mgonjwa, ambaye koo lake lamuuma na tamaa yamsumbua usiku na mchana. Twawaambia wanaomzunguka. Mgeni aache pakiti yake nyumbani. Asivute hata barazani, maana moshi hauulizi njia. Kitanda kisiwekwe karibu na moto wa jikoni. Mke asidhani kwamba amechukiwa mumewe akiwa mkali siku hizo, asiyelala wala kuridhika na kitu. Ni tumbaku inayomdai. Anayejua tarehe ya kukatwa mapema afadhali aache wiki nne au zaidi kabla yake, wala asingoje kulala kitandani ndipo aanze vita viwili kwa pamoja.

Mgonjwa anywe maji mara nyingi, ingawa kumeza kwauma. Siku za kwanza ale uji uliopoa, ndizi mbivu, bugali laini na sombe iliyotwangwa vema, bila pilipili. Aspirini, ambayo wengi tunaiweka sandukuni kwa kila maumivu, asipewe pasipo amri ya mganga, kwa sababu huizuia damu isigande. Mtoto aliyelala akionekana anameza mate mara kwa mara, amulikwe kinywani: pengine anameza damu. Damu nyekundu ikionekana, kwa mtoto au kwa mtu mzima, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane na mvua inanyesha.

Rafiki yetu alikaa hospitali siku nne zaidi. Jumapili iliyofuata tulirudi kwake tukiwa na mkungu mdogo wa ndizi, na shemeji alitupokea bila kutukumbusha lolote, jambo ambalo lilituuma kuliko kama angetukaripia. Alipoingia ndani kuchukua viti, mumewe aliinama karibu yetu akauliza kwa sauti yake ile ndogo kama tunayo moja. Tukamjibu kwamba hatuna. Akacheka, asiamini, akatupapasa mfuko wa koti. Ulikuwa mtupu kweli.