Land Rover za Turubai: Anza Hesabu na Kioo

Tangu bei ya dhahabu ilipovuka dola 3,000 kwa aunsi mwaka 2025, mwenye akiba Geita au Kahama anatafuta pa kuiweka. Wengi hujenga, wengine hununua ng'ombe. Mpenda vyuma huitupia jicho Land Rover ya zamani ya turubai, aifufue kisha aiuze au aikodishe kwa harusi. Safu hii haina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wetu ni hesabu: injini, gia, matairi, rangi, halafu vioo vinakuja mwisho kama kachumbari.

Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, miaka 8 baada ya Dk. Williamson kugundua almasi ya Mwadui. Mpaka Series III, iliyokoma mwaka 1985, kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa ndani ya fremu inayolala juu ya boneti. Hapo ndipo penye faida. Kioo bapa hukatwa na fundi wa vioo mwenye mkono mzuri. Mwenye gari la kioo kilichopinda atasubiri meli.

Lakini ubapa huohuo ndio unaoleta ujanja. Fundi wa haraka atakata kioo cha dirisha la nyumba, akikung'arishe, na mnunuzi asijue. Kokoto moja ikirushwa na lori barabara ya vumbi, kioo hicho hugeuka visu mbele ya uso wa dereva. Kinachotakiwa ni kioo cha lamineti, yaani vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na plastiki katikati: kikipasuka, vipande hubaki vimeshikana. Kitazame ubavuni kabla hakijafungwa, utauona mstari wa plastiki. Uliza pia unene wake, kwani cha majengo mara nyingi huwa na plastiki ya milimita 0.38, na cha mbele ya gari 0.76. Kioo cha tempa nacho hakikatwi baada ya kuchomwa. Ukijaribu, chote kinamwagika kama chumvi ya mawe. Fundi anayekuahidi kukata tempa, mwache na ahadi yake.

Sasa fremu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haishiki kutu ovyo, hivyo mnunuzi hupiga kidole ubavuni akaridhika. Fremu ya kioo ni chuma. Huoza pembe za chini, ndani ya mpira, mahali maji yanapotuama. Kutu huvimba, huvimbia kioo, na kioo kipya chenye gharama hupata ufa bila kuguswa na jiwe. Mwenye gari atamlaumu muuza vioo, muuza vioo atamlaumu fundi, na fedha imekwisha kwenda. Mpangilio sahihi ni kutoa vioo vyote, kukwangua chuma hadi kionekane cheupe, kuchomelea palipooza, kupiga rangi ya kuzuia kutu, kisha mpira mpya. Mpira wa zamani usirudishwe hata kama unaonekana mzima.

Vioo vya kuteleza vya milango havina makuu, ila mfereji wake hukusanya mchanga, na mchanga wa Shinyanga hukwangua kioo kama msasa. Badilisha kitambaa cha mfereji kabla ya kioo. Madirisha ya plastiki ya turubai yaoshwe kwa maji mengi na sabuni, petroli huyaharibu.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wetu kuhusu bei ni huu. Kabla ya kupatana, omba ruhusa ya kung'oa mpira wa pembe ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva na wa abiria. Ukikuta chuma kigumu, jadili bei ya muuzaji. Ukikuta unga mwekundu, punguza gharama ya fremu nzima, vioo viwili na siku za fundi. Muuzaji akikataa usiguse mpira, kuna Land Rover nyingine.